Dirisha jeusi, na laptop inayosingiziwa

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nipo Tukuyu, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Nataka kutengeneza mchezo wa bao wa kwenye kompyuta, kama lile analocheza babu pale kijiweni. Laptop yangu ni ya mtumba, nilinunua Mwanjelwa: Core i5 kizazi cha pili, RAM GB 4, Windows 10. Nina miezi miwili nafuata video za C++ na OpenGL. Mwanzoni kila nikikompaili nilikuwa napata 'undefined reference to glfwInit'. Nilihangaika wiki mbili mpaka ikapita, sijui hata nilifanya nini. Baada ya hapo programu ikawa inafunguka na kujifunga hapo hapo. Mtu akanishauri nifute mistari mitatu ya glfwWindowHint, nikafuta. Sasa dirisha linafunguka lakini ni jeusi tii, pembetatu haionekani. Fundi mmoja Mbeya mjini kasema laptop haina kadi ya grafiki, nitafute nyingine. Rafiki yangu anasema C++ ngumu, nihamie Python. Mwingine anasema OpenGL imeshakufa, nisome Vulkan. Nimechoka. Tatizo ni laptop, ni lugha, au ni mimi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza dalili zako vizuri kuliko wanafunzi wengi wa chuo wanaokuja mezani kwangu na neno moja tu, "haifanyi kazi". Umetaja hata mistari mitatu uliyoifuta, na hiyo ndiyo iliyonionyesha ugonjwa. Tatizo si wewe. Lugha pia haihusiki. Laptop inahusika kidogo, ila si kwa namna alivyosema fundi.

Tuanze na fundi. Laptop yako ina grafiki. Isingekuwa nayo usingeiona hata Windows yenyewe. Ila haikupewa kadi ya peke yake. Chipu ya grafiki imo ndani ya prosesa, na kwa laptop za Core i5 za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2011, chipu hiyo inaitwa Intel HD Graphics 3000. Ni mzee, kweli. Lakini piga hesabu: kioo cha laptop nyingi za wakati ule kina pikseli 1366 kwa 768, yaani zaidi kidogo ya milioni 1. Kukichora upya chote mara 60 kwa sekunde ni pikseli kama milioni 63, na kazi hiyo chipu yako inaifanya kila siku unapoangalia muvi. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Usinunue kitu.

Sasa ukweli uliomo ndani ya maneno ya fundi ni huu: kwenye Windows, draiva ya chipu hiyo, yaani programu inayoiunganisha Windows na chipu, inaishia toleo 3.1 la OpenGL, ule utaratibu wa amri za kuchora unaoutumia. Video karibu zote za siku hizi zinafundisha kuanzia 3.3, toleo la mwaka 2010. Ile mistari mitatu uliyoambiwa ufute ilikuwa inaiambia GLFW, laibrari inayokufungulia dirisha, hivi: nifungulie dirisha, lakini liwe la OpenGL 3.3 au zaidi, na mfumo mpya tu. GLFW ikaenda kuiuliza draiva, draiva ikajibu haina, na GLFW ikakurudishia NULL, yaani hakuna dirisha. Msimbo wako haukuangalia jibu, ukaendelea kulitumia dirisha ambalo halipo, programu ikaanguka. Ndiyo ule "kujifunga hapo hapo".

Aliyekushauri ufute mistari hakukudanganya, ila alikuhamishia tatizo chumba cha pili. Bila ile mistari, GLFW ilichukua kile draiva iliweza kutoa, dirisha likafunguka. Lakini fungua msimbo wa sheda zako utazame mstari wa juu kabisa. Nina hakika umeandikwa "#version 330 core". Sheda ni programu ndogo inayoiambia chipu ichoreje, na inakompailiwa na draiva wakati mchezo wako tayari unatembea, tena inakompailiwa kimya kimya. Draiva yako inajua sheda mpaka toleo 140. Ikikutana na 330 inakataa, inaandika sababu mahali fulani, inanyamaza. Usipokwenda kuisoma sababu hiyo, unachoona ni weusi tu. Kwa hiyo kujifunga na weusi ni ugonjwa mmoja uliobadilisha nguo.

Usiniamini kwa maneno. Baada ya dirisha kufunguka na baada ya glfwMakeContextCurrent, chapisha glGetString(GL_RENDERER) na glGetString(GL_VERSION). Ukiona jina la HD Graphics 3000 na toleo linaloanza na 3.1.0, mambo ni kama nilivyoeleza. Ukiona "GDI Generic" na 1.1.0, basi yaelekea draiva ya Intel haimo na Windows inatumia ile yake ya akiba. Hapo iruhusu Windows Update itafute draiva. Usiguse zile programu za kwenye intaneti zinazojitangaza kwamba zinasasisha draiva zote kwa mkupuo. Nyingi zinakuja na wageni usiowaalika.

Ukitaka pembetatu yako ionekane leo hii, badilisha 330 core iwe 140 kwenye sheda zote mbili. Kisha kwenye sheda ya vatesi, yaani ya pembe za umbo, ondoa maneno "layout (location = 0)" yaliyo mbele ya "in", kwa sababu toleo 140 haliyajui, na badala yake ita glBindAttribLocation kabla ya kuunganisha sheda. Halafu, na hili ulifanye kwa kila programu utakayoandika, ita glGetShaderiv na GL_COMPILE_STATUS baada ya kukompaili kila sheda, na ikirudisha sifuri chapisha glGetShaderInfoLog. Ni mistari 6 au 7. Video nyingi huiruka ili somo liwe fupi, halafu wewe ndiye unayelipa.

Turudi kwenye zile wiki mbili, maana umesema ilipita bila kujua ulichofanya, na kitu kilichopita hivyo kitarudi siku unayotaka kumwonyesha babu.

Ukienda kwa mama lishe pale stendi, ukutani kuna orodha: wali maharage, ndizi nyama, kande. Orodha si chakula. Inakuambia jina tu, na unaagizaje. Faili la heda, lile unaloliita kwa #include, ndiyo orodha ya ukutani. Kompaila inasoma orodha, inaona glfwInit imeandikwa, inaridhika kwamba umeagiza vizuri. Inafuata hatua ya pili, ya kuunganisha, ambayo wengi hawajui hata kwamba ipo: linka inaingia jikoni kutafuta sufuria. "undefined reference" ni linka inayotoka jikoni kukuambia kwamba ukutani imo, jikoni haimo. Kuhariri msimbo wako, ambako naamini ndiko zilikoishia zile wiki mbili, ni kurekebisha maandishi ya oda huku jikoni hakujapikwa kitu.

Dawa yake ni kuionyesha linka jiko lilipo. Kwa gcc ya Windows ni kuongeza -lglfw3 -lopengl32 -lgdi32 mwishoni mwa amri, baada ya jina la faili lako. Hiyo "baada" si mapambo. Linka inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na ikipita laibrari kabla haijajua inachohitaji, huwa haigeuki nyuma. Jambo jingine ni biti. Laibrari ya 32 haikubaliani na kompaila ya 64, na ujumbe utakaouona ni "skipping incompatible", ambao ukiusoma haraka unaonekana kama onyo dogo. Mimi mwaka wangu wa kwanza uliniondolea siku nne nzima, na faili sahihi lilikuwa kwenye folda ya jirani.

Na kuna hatua ya tatu, programu inapotembea. Kwenye Windows faili la OpenGL lenyewe linatoa kwa jina amri za toleo 1.1 tu, za miaka ya tisini. Amri zote mpya zaidi zinaombwa kwa draiva moja moja, "nipe anwani ya glCreateShader", wakati mchezo umeshaanza. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na GLAD uliyoinakili bila kuelezwa ni ya nini. Ukiita GLAD kabla ya glfwMakeContextCurrent, hakuna wa kumwomba, anwani zote zinabaki sifuri, na amri ya kwanza mpya inaiangusha programu. Kwa hiyo kosa likitokea, kabla ya kugusa kitu jiulize ni nani anayelalamika: kompaila, linka, au programu yenyewe ikiwa inatembea. Anayelalamika ndiye anayekuonyesha faili la kufungua.

Kuhusu OpenGL kufa. Ilizaliwa mwaka 1992 kwa Silicon Graphics, na toleo la mwisho, 4.6, ni la 2017. Haikui tena, lakini draiva zinaendelea kuibeba. Kilichokufa ni namna ya zamani ya kuitumia, ile ya glBegin na glEnd, iliyowekwa kando mwaka 2008 kwenye toleo 3.0. Hapo ndipo wanaoanza wanapopotea: somo la kwanza ni la glBegin, la pili ni la sheda, na mwanafunzi anayashona pamoja kama shati la vitambaa viwili. Ukiona glBegin kwenye somo, ujue ni la zama zile, usilichanganye na hili ulilo nalo. Vulkan, utaratibu mpya zaidi wa kuchora, nayo ni nzuri sana, ila HD 3000 haiiwezi kabisa, na hata ingeiweza, pembetatu moja ya Vulkan inakaribia mistari elfu moja. Huyo aliyekutajia Vulkan alikuwa anataja kitu alichokisikia.

Python je? Hapa sitakupa jibu la mkato, kwa sababu anayekushauri hivyo ana hoja. Python na pygame, laibrari yake ya michezo, vyote pamoja haviumizi bando, pygame haihitaji OpenGL yoyote, duara unalichora kwa amri moja, na bao lako lingeonekana kwenye kioo ndani ya mwezi huu. Ikiwa lengo lako ni mchezo, hama leo, na asikucheke mtu. Lakini wewe umeshaipa C++ miezi miwili, na kilichokukwamisha hakikuwa C++. Ningekuwa wewe ningebaki nayo, ila OpenGL tupu ningeiweka kando kwa sasa na kutumia SDL2. Ni laibrari aliyoianzisha Sam Lantinga mwaka 1998, na pygame yenyewe imejengwa juu yake. Kwenye Windows kichoraji chake hutumia Direct3D, njia ya kuchora ya Microsoft, kwa hiyo ugomvi wako na 3.3 unakwisha. Kasoro yake ni kwamba haina amri ya duara. Chora shimo moja kwenye Paint, lihifadhi kama BMP, lipakie kwa SDL_LoadBMP, ulibandike mara 32.

Wengi watakutajia raylib, laibrari nyingine ya michezo, na mimi naipenda, ila ile iliyotayarishwa kwa Windows inaomba 3.3, utarudi shimo lile lile mpaka ujue kuikompaili mwenyewe kwa toleo 2.1. Njia nyingine ni Linux: chipu hiyo hiyo, kwa draiva za Linux ziitwazo Mesa, inafika 3.3 na masomo yako yote yanatembea bila kubadilisha neno. Faili la Linux Mint linakaribia GB 3, hivyo badala ya kulipakua kwa bando tafuta mtu mwenye nalo akuwekee kwenye flashi. Unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako.

Lakini kabla ya picha yoyote, andika bao lisilo na picha. Nalisisitiza hili kuliko yote niliyosema juu. Ukichanganya sheria za bao na matatizo ya kuchora, ukikosea hutajua umekosea wapi.

Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo 8, na kete zinazunguka kwenye mashimo yake 16 tu. Kwa hiyo usihifadhi safu mbili. Hifadhi duara la namba 16. Safu ya mbele toka kushoto ni 0 mpaka 7, halafu unageuka, safu ya nyuma toka kulia ni 8 mpaka 15. Nyumba ni shimo la 5 toka kushoto safu ya mbele, hivyo namba yake ni 4. Mwanzo weka kete 6 kwenye namba 4, 2 kwenye 5 na 2 kwenye 6. 22 ziko mkononi. Kutandaza kwenda mbele ni (i + 1) % 16. Kurudi nyuma usiandike (i - 1) % 16: kwenye C++, i ikiwa 0 jibu ni -1, na utasoma kumbukumbu iliyo nje ya ubao. Andika (i + 15) % 16. Python ingekupa 15 yenyewe bila kulalamika, ndiyo maana anayehama kutoka Python kuja C++ hili humkamata kila mara. Mpinzani wako amekaa ng'ambo akikutazama, kwa hiyo shimo linalokabiliana na la kwako namba i safu ya mbele ni 7 - i kwa hesabu yake. Unapokula unachukua kutoka hapo na kutandaza kwako.

Halafu weka mlinzi: baada ya kila zamu, jumlisha kete zote za ubaoni na za mikononi. Jumla ikiwa si 64, programu isimame hapo hapo na kukuambia ni zamu ya ngapi. Mambo ya kichwa na kimbi, na lini mtu anatakata, kakae na babu. Yeye akicheza kwenye ubao, wewe chapa zamu zile zile, mlinganishe. Sijui kipimo kizuri zaidi ya hicho.

Siku ya kuchora, fungua dirisha la pikseli 800 kwa 400, kila shimo lichukue 100 kwa 100. Tuseme umebofya kwenye x = 437, y = 251. Gawa kwa 100 utupe mabaki: safu wima 4, safu mlalo 2, ukihesabu toka sifuri na toka juu. Mlalo 0 na 1 ni za mpinzani, 2 ni safu yako ya mbele. Umebofya nyumba yako. Kwa mlalo 3, namba ya shimo ni 15 toa safu wima. Mpinzani, mlalo 1 ni 7 toa safu wima, mlalo 0 ni 8 jumlisha safu wima. Mchezo mzima wa kubofya umekwisha. Ukirudi OpenGL utakuta nukta hiyo hiyo inaitwa 0.0925 na -0.255, kwa sababu kule dirisha lote linapimwa toka -1 mpaka 1 na y inapanda kwenda juu badala ya kushuka. Watu wengi picha zao zimewahi kusimama kichwa chini kwa sababu hiyo, mimi nikiwemo.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Laptop ikiwa inajizima yenyewe, au diski inagonga, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha, si aibadilishe. Ukiamua kuiweka Linux moja kwa moja na ndani kuna picha na nyaraka za familia, usigawanye diski peke yako kwa mara ya kwanza, tena siku umeme unapokatika katika. Nakili vitu vyako kwanza, halafu kaa na mtu aliyewahi kufanya. Na ukikwama siku tatu kwenye kosa moja, panda gari uje Mbeya. Hapa Iyunga, chuo cha MUST, na vyuo vingine vya mjini, kuna vijana wanaosoma kompyuta ambao wamepita huko huko. Ukija, beba laptop na chaja yake, na kosa lenyewe ulilinakili neno kwa neno kwenye faili, hata kama ni refu. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, kona moja imekatwa, haitusaidii. Mstari tunaoutaka huwa ni wa kwanza, na ndio unaokatwa.